Kutafuta Ukoo Katika Mafaili ya Pensheni ya Wanajeshi wa Zamani wa Marekani

Anayetafuta ukoo wake nchini Marekani kwa kawaida hukimbilia sensa, vyeti vya ndoa na maandishi ya makaburini. Vyote vinasaidia, ila vinasema kidogo: jina, umri, mahali, basi. Faili la pensheni ya jeshi ni jambo jingine kabisa. Humo mzee anaeleza alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani. Mjane anaapa aliolewa lini na ni mchungaji gani aliyewafungisha ndoa. Mkunga anataja mwezi aliozaliwa mtoto wa tatu, na jirani anathibitisha kwamba huyu bwana aliondoka akiwa mzima na akarudi kutoka vitani akichechemea. Serikali haikuuliza hayo kwa kupenda historia za koo. Iliuliza kwa sababu ilikuwa inatoa fedha, na haikutaka kutoa bila ushahidi. Kwa hiyo shika hili tangu mwanzo: faili lililosumbuliwa ndilo lenye ukoo. Aliyekubaliwa upesi aliacha karatasi chache. Aliyekataliwa, akarudi tena, akaitwa na mkaguzi, akaleta mashahidi kutoka kaunti mbili, huyo ndiye aliyewaachia vitukuu na vilembwe wake kitu cha kusoma.

Mwongozo huu unahusu pensheni zilizotolewa na serikali kuu ya Marekani kwa vita vya kuanzia 1775 hadi mwisho wa karne ya 19. Nitakaa zaidi kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, maana huko ndiko mafaili yalikojaa.

Anza na mwaka wa kuzaliwa

Kabla hujagusa faharasa yoyote, kadiria mzee wako alizaliwa lini. Mwanamume wa kati ya 1740 na 1765 angeweza kupigana Vita vya Uhuru, vya kujitoa mikononi mwa Uingereza. Aliyezaliwa kati ya 1770 na 1797 ni mtu wa Vita vya 1812, vilivyopiganwa na Uingereza tena. Wa kati ya 1815 na 1847 mtafute katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ongeza miaka kadhaa kila upande, kwa sababu vijana wadogo walidanganya umri ili waandikishwe, na wazee nao walifanya hivyohivyo.

Wengi hupotea hapa kwa kutafuta pensheni katika miaka ya vita vyenyewe. Fedha zilikuja baadaye sana. Askari wa kawaida wa Vita vya Uhuru aliyekuwa hana kilema alianza kufikiriwa mwaka 1818, na sheria ile ilimtaka awe ametumikia angalau miezi 9 na awe mhitaji. Mwaka 1820 Bunge liliwataka walete orodha ya mali yao, ndiyo maana katika mafaili ya miaka ile unakuta ng'ombe, masufuria, madeni, na pembeni majina na umri wa watu waliokuwa wakiishi nyumbani humo. Sheria ya 7 Juni 1832 ikafungua mlango zaidi: miezi 6 ya utumishi ilitosha, na umaskini haukuwa sharti tena. Wazee wengi hawakuwa na hati, kwa hiyo walisimama mahakamani wakasimulia. Waliulizwa walizaliwa mwaka gani na wapi, waliishi wapi walipoitwa vitani, wamehamia wapi tangu hapo, na jirani gani anaweza kuwatetea. Kwa mtafuta ukoo, jibu la swali la kuhama ni dhahabu, kwa kuwa linataja safari ya familia kutoka jimbo moja hadi jingine miaka kabla sensa haijaanza kuandika kila jina.

Maveterani wa 1812 walisubiri hadi sheria za 1871 na 1878, wengi wakiwa tayari na zaidi ya miaka 75. Kwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, sheria ya 14 Julai 1862 iliwahusu walioumia kazini pamoja na wajane, yatima na mama waliowategemea waliokufa. Ile ya 27 Juni 1890 ikawaingiza waliotumikia siku 90 na sasa hawawezi kazi, hata kama ugonjwa haukutokana na vita. Ile ya 6 Februari 1907 ikaufanya uzee wenyewe kuwa sababu: dola 12 kwa mwezi kwa mwenye miaka 62, dola 15 kwa mwenye 70, dola 20 kwa mwenye 75. Na malipo yaliendelea kwa muda ambao ni vigumu kuamini. Irene Triplett wa North Carolina, binti wa askari wa vita hivyo, alipokea dola 73.13 kila mwezi hadi alipofariki Mei 2020.

Sheria hizi zinakuchosha? Zivumilie. Sheria aliyoombea mzee wako ndiyo inayokuambia aliulizwa nini, kwa hiyo ndiyo inayokuambia utakuta nini.

Tafuta kombania na rejimenti yake

Jina peke yake halitoshi. Jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, lilikuwa na akina John Williams wasiohesabika. Unachohitaji ni rejimenti, yaani kikosi chake kikubwa, na, ikiwezekana, herufi ya kombania, yaani kikosi kidogo ndani ya rejimenti.

Mahali rahisi kuliko pote ni kaburini. Serikali ilitoa mawe ya kaburi kwa wanajeshi wake, na juu yake huchongwa jina na kikosi kwa mkato. Ukiona "CO. G 8 U.S.C.I." ni kombania G, rejimenti ya 8 ya askari Weusi wa miguu. Baada ya hapo nenda kwenye hifadhidata ya Wanajeshi na Mabaharia ya idara ya hifadhi za taifa, National Park Service. Ni ya bure, na inaonyesha jina na rejimenti, pamoja na historia fupi ya kikosi.

Sensa nazo zina dokezo. Sensa ya 1910 ilikuwa na safu ya maveterani: UA ni askari wa Muungano, CA ni wa Kusini. Mwaka 1890 kulikuwa na orodha maalumu ya maveterani wa Muungano na wajane wao, yenye kombania na muda wa utumishi. Kwa bahati mbaya, karibu kurasa zote za majimbo ya Alabama hadi Kansas kwa mpangilio wa alfabeti, na sehemu ya Kentucky, hazipo. Lakini zilizobaki zina thamani kubwa kwa sababu karibu sensa yote ya kawaida ya mwaka huo ilipotea baada ya moto wa Januari 1921.

Fungua kadi ya faharasa

Sasa uko tayari kwa faharasa kuu ya pensheni, inayojulikana kwa namba yake ya mikrofilamu, T288. Inahusu mafaili ya 1861 hadi 1934, imepangwa kwa majina, na unaweza kuipekua bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Kila askari ana kadi yake. Juu kuna jina lake, chini yake jina la mjane au mtegemezi mwingine, kisha kikosi, halafu mistari ya maombi yenye tarehe, aina ya ombi, namba ya ombi, namba ya cheti na jimbo lilikotoka ombi.

Kwenye safu ya aina, Invalid ni askari mwenyewe, Widow ni mjane, Minor ni watoto wadogo, na Mother au Father ni mzazi aliyekuwa akimtegemea marehemu. Nakili kila namba na kila tarehe. Tarehe ya ombi la mjane inakupa kikomo cha kifo cha askari, hata kama huna cheti chochote. Mstari wenye namba ya ombi bila namba ya cheti maana yake ombi halikukubaliwa. Usikunje uso. Umeshajua nilichosema kuhusu waliokataliwa.

Ukikosa jina, badilisha tahajia. Karani aliandika alichosikia, na mhamiaji kutoka Ujerumani au Ireland aliyeingia na jina moja huenda alitoka na jingine. Kuna pia faharasa ya T289, ambayo haikupangwa kwa majina bali kwa jimbo, rejimenti na kombania. Hii ndiyo ya kumtafuta mtu ambaye jina lake limeharibika: unapitia kombania nzima, jina baada ya jina, ukiwa na mwaka na kaunti kichwani. Inachukua muda, lakini huwa inamtoa mtu aliyefichika.

Kwa vita vya zamani zaidi alama ni nyingine. Katika mafaili ya Vita vya Uhuru, S ni askari aliyekuwa hai, W ni mjane, R ni ombi lililokataliwa. Mafaili hayo ni karibu 80,000, na picha zake zote zimewekwa mtandaoni. Ukikuta kwamba mzee wako aliomba kabla ya 1800 na karatasi hazipo, sababu inajulikana: tarehe 8 Novemba mwaka huo ofisi za Wizara ya Vita ziliungua pamoja na nyaraka za pensheni zilizokuwamo.

Omba faili zima, si kipande

Mafaili ya Vita vya 1812 yalipigwa picha kwa michango ya watafuta ukoo wenyewe, na yanasomwa bure kwenye tovuti ya Fold3. Sehemu ya mafaili ya wajane wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, pamoja na ya wanamaji, yapo pia mtandaoni. Lakini mengi ya vita hivyo bado ni karatasi ndani ya bahasha, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington. Kuyapata kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kujaza fomu NATF 85 kwenye tovuti ya Hifadhi na kulipa. Ada iliyozoeleka kwa faili zima ni dola 80 kwa kurasa 100 za kwanza, kisha senti 70 kwa kila ukurasa unaozidi. Thibitisha bei siku unayoagiza. Kuna pia kifurushi cha bei nafuu chenye karatasi zilizochaguliwa na mfanyakazi. Sikushauri. Anayechagua hatafuti ukoo wako, na karatasi anayoiona ya kawaida, kwa mfano hati ya kiapo ya jirani, ndiyo huenda inamtaja shangazi uliyemtafuta kwa miaka.

Ya pili ni kwenda mwenyewe. Kadi ya mtafiti hutolewa bure, na unaruhusiwa kupiga picha kila ukurasa bila kutumia mwanga wa kamera. Ya tatu ni kumlipa mtafiti anayeishi karibu akupigie picha. Ukiwa na mafaili matatu au manne huwa ni nafuu kuliko kuagiza kwa fomu.

Angalizo moja kuhusu namba. Askari akifa na mjane akaomba, karatasi zote mbili ziliunganishwa, na bahasha ikabaki na namba ya mwisho, yaani ya mjane. Ukiagiza, andika namba zote za kadi. Ukiona C au XC mbele ya namba, faili lilihamia kwa idara iliyowahudumia maveterani baadaye, na huenda liko kwenye tawi la Hifadhi la St. Louis au bado liko mikononi mwa idara hiyo. Majibu yatachelewa, lakini faili lipo.

Na usichanganye haya na moto wa St. Louis wa 12 Julai 1973. Moto ule uliteketeza kumbukumbu za utumishi za wanajeshi wa karne ya 20, si mafaili ya pensheni ya vita hivi.

Soma kwa mpangilio wako, si wa bahasha

Faili likifika halitakuwa na mpangilio wa tarehe. Karatasi ya 1915 inalala juu ya karatasi ya 1866. Zipe kurasa namba jinsi zilivyokuja, usizivuruge, kisha tengeneza orodha yako ya matukio kwa tarehe.

Utaona tamko la ombi lenyewe, jibu la Wizara ya Vita likieleza askari alionekana wapi kwenye orodha za kikosi, na ripoti za madaktari waliompima. Ripoti hizi zina urefu, uzito, rangi ya macho, makovu, na maradhi kwa undani unaotia huruma. Kwa familia nyingi hakuna picha ya mzee huyo, na maneno ya daktari ndiyo sura pekee iliyobaki.

Karatasi ya kutafuta kwanza ni dodoso la 1898. Ofisi ya Pensheni iliwatumia wazee swali baada ya swali: umeoa? Jina kamili la mke na la kwao kabla hajaolewa ni lipi? Mlioana lini, wapi, nani aliwaunganisha? Kabla yake ulikuwa na mke mwingine? Una watoto gani walio hai, na walizaliwa tarehe ngapi? Dodoso jingine la mwaka 1915 liliuliza karibu hayo hayo na kuongeza mahali pa kuzaliwa. Mzee akijaza yote mawili, yalinganishe. Mtoto anayeonekana la kwanza na kukosekana la pili huenda alikufa katikati.

Baada ya hapo soma mashahidi. Usiruke hata mmoja. Wenzake wa kombania walieleza alivyoumia. Majirani walieleza hali yake. Mkunga au daktari alieleza kuzaliwa kwa watoto pale pasipo na kitabu cha kanisa. Kila hati ya kiapo inataja umri na makazi ya shahidi, na mara nyingi inaeleza amemjua mzee kwa muda gani na kwa njia gani. Shahidi anayesema "nimemjua tangu utotoni" anakupeleka kijiji alikokulia. Wengi wa mashahidi hawa ni shemeji, binamu au ndugu ambao jina lao halifanani na la mzee. Andika majina yao wote kwenye karatasi ya pembeni.

Katika mafaili ya Vita vya Uhuru utakuta mara nyingine kurasa zilizochanwa kutoka Biblia ya familia, zenye vizazi na vifo kwa mwandiko wa nyumbani. Mjane alizituma kama ushahidi wa ndoa na hazikurudi. Katika mafaili ya akina mama wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe utakuta barua za mwana kutoka kambini, akimwambia mama yake amemtumia mshahara. Mama alizitoa ili kuthibitisha kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa akimlisha.

Ikiwa mzee wako alikuwa askari Mweusi

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu sijui kumbukumbu nyingine iliyowapa sauti watu hawa kwa kiasi hiki. Wanaume Weusi wapatao 179,000 walitumikia jeshi la Muungano, na takribani 19,000 jeshi la wanamaji. Wengi walikuwa wametoka utumwani, baadhi miezi michache tu kabla. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, bila majina yao. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wengi wao kwa jina. Ukifika 1870 ukigonga ukuta, faili la pensheni ndilo linaloweza kukuvusha.

Linavusha kwa sababu Ofisi ya Pensheni haikuwaamini kirahisi. Hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, ndoa zao za utumwani hazikutambuliwa na sheria, na majina yao yalikuwa yamebadilika. Kwa hiyo kesi zao zilipelekwa kwa wakaguzi maalumu mara nyingi kuliko za wazungu. Mkaguzi alisafiri hadi mahali pale, akamketisha mdai na mashahidi mmoja mmoja, akaandika maelezo yao ya kiapo. Aliuliza: ulizaliwa shamba la nani? Baba yako na mama yako ni akina nani? Bwana wako wa mwisho nani, na kabla yake? Nani mwingine alikuwa shambani pale? Ilikuwa ni mateso ya pili kwa wazee ambao walikuwa wanadai haki yao tu, na wengi walinyimwa. Lakini majibu yao yalibaki, na kwa vizazi vyao yana jina la babu, jina la shamba na majina ya waliokua pamoja.

Mfano ulio wazi ni wa Harriet Tubman, yule yule aliyewaongoza watu kutoka utumwani. Mumewe wa pili, Nelson Davis, alitumikia kombania G ya rejimenti ya 8 niliyoitaja kwenye jiwe la kaburi. Alifariki 1888, na sheria ya 1890 ilipopita Tubman akaomba kama mjane. Tatizo likawa jina: jeshini mumewe aliandikishwa kama Nelson Charles. Ikambidi aape kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Katika hati yake ya kiapo alieleza kwamba mumewe alitokea karibu na Elizabeth City, North Carolina, kwamba bwana wake aliitwa Fred Charles na baba yake Milford Davis, na kwamba alichukua jina la baba mara tu alipoachiliwa jeshini. Pale pale akaeleza kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Araminta Ross, kaunti ya Dorchester, Maryland. Angalia kilichopatikana kutokana na usumbufu mmoja wa jina: mji, mmiliki, baba wa askari, na jina la kuzaliwa la mjane. Pensheni ya dola 8 kwa mwezi ilikubaliwa mwaka 1895, miaka mitano baada ya ombi, na mwaka 1899 ikapandishwa hadi dola 20 ili kuhesabu pia kazi yake ya uuguzi vitani.

Kwa hiyo tafuta majina mawili daima, lile la bwana na lile la baba, na uangalie kadi ya faharasa kama ina neno alias, yaani jina jingine alilotumia. Pamoja na pensheni, fungua kumbukumbu za utumishi za rejimenti hizi, ambazo zimeshawekwa mtandaoni. Zinaonyesha mahali pa kuzaliwa, umri na kazi. Kwa majimbo ya mpakani kama Maryland, Missouri na Kentucky, huenda ndani yake kuna dai la bwana aliyetaka fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa aliyeandikishwa, na ili alipwe ilimbidi aonyeshe alivyompata mtu huyo.

Kuhusu ndoa, sheria ya 1864 iliruhusu wajane wa askari Weusi kuthibitisha ndoa kwa ushahidi kwamba waliishi kama mume na mke, kwa kuwa mtumwa hakuweza kupata cheti. Ndipo wanapoitwa mashahidi waliohudhuria sherehe shambani, na pengine anatajwa bwana aliyetoa ruhusa. Hakuna daftari la kanisa litakalokupa hilo.

Ikiwa alipigania Kusini

Askari wa Shirikisho la Kusini hawakupewa pensheni hizi na serikali kuu. Walilipwa na majimbo ya Kusini yenyewe, na jambo la kukumbuka ni moja: aliomba katika jimbo alilokuwa akiishi uzeeni, si lazima jimbo alilolipigania. Mtu wa rejimenti ya Georgia aliyehamia Texas anatafutwa kwenye nyaraka za jimbo la Texas. Majimbo kadhaa, Mississippi na Tennessee yakiwemo, yalitoa pia pensheni kwa wanaume Weusi waliopelekwa vitani kama watumishi. Fomu zao huwa zinamtaja bwana waliyemtumikia.

Pima kila tarehe kwa faida yake

Kiapo si ukweli mtupu. Kabla ya kukubali tarehe yoyote, jiulize msemaji alikuwa anapata nini kwa kuitaja hivyo. Baada ya 1907 kuwa mkubwa kwa mwaka mmoja kuliweza kuongeza dola kadhaa kwa mwezi, kwa hiyo umri aliojitajia mzee wakati ule ulinganishe na ule aliotaja alipoandikishwa. Ofisi yenyewe ilishuku, ikawa inaomba sensa za 1850 na 1860 zipekuliwe. Ukiona nakala ya sensa ndani ya faili, hiyo ndiyo sababu. Sheria ya 1890 ilimtaka mjane awe ameolewa kabla ya 27 Juni mwaka ule, na ndoa inayosemekana ilifungwa wiki chache kabla ya hapo inahitaji shahidi wa pili. Umaskini nao ulikuwa sharti la baadhi ya sheria, kwa hiyo mali iliyotolewa kwa wanawe muda mfupi kabla ya ombi si jambo la kupita bila kuitazama. Ukikuta hati za ardhi za mwaka huo, umepata majina ya wana.

Wajane wawili wakidai askari mmoja, soma kila neno. Kila mmoja alileta ndugu zake na tarehe zake ili kumshinda mwenzake, na mkaguzi akafuatilia kila talaka isiyokamilika na kila familia ya awali. Huenda ukagundua kuwa una ndugu usiowajua. Kabla ya kuwatumia jamaa kurasa hizo, wapigie kwanza. Baadhi ya wazee hawajawahi kuambiwa.

Toka kwenye faili lake, ingia kwenye ya wenzake

Orodha uliyoandika ya mashahidi sasa inafanya kazi. Kila mwenzake wa kombania aliyetoka kaunti ile ile huenda naye aliomba pensheni, na katika faili lake mzee wako huenda ndiye shahidi, akieleza maisha yake kwa maneno ambayo hayamo kwenye faili lake mwenyewe. Watafute kwa T289, kombania hiyo hiyo. Anza na wale waliozaliwa shamba moja au wenye jina la ukoo wa mke wake.

Kwa jina la bwana lililotajwa na mzee, nenda kwenye mirathi ya kaunti yake. Watumwa waliorodheshwa kwa majina mali ya marehemu ilipogawiwa, na huko unaweza kumkuta mama wa askari na watoto wake katika mstari mmoja, pamoja na mrithi aliyewachukua. Kwa miaka ya mara tu baada ya vita, tafuta amana za Benki ya Freedman's ya 1865 hadi 1874, ambayo daftari zake nyingi ziliandika wazazi, ndugu na watoto wa mwenye akaunti. Kila unachonakili, kiandikie jina la askari, kikosi, namba ya ombi, namba ya cheti na ukurasa wa faili, ili binamu atakayeanza pale ulipoishia aweze kuifungua bahasha ile ile.